Kikoa cha Katonga

Ilianza Tabora, stesheni, mwaka jana,
kichwa cha treni kilipogoma, nasi tukalala
saa kumi na tisa juu ya mabegi,
tukinunuliana karanga na asali.
Mimi nilikuwa natoka msibani Nzega, basi.
Wenzangu walikuwa wanatembea.
Wanatembea tu! Hawana biashara, hawana mgonjwa,
wanapanda treni ili wajue inapoishia.

Kokushubira wa Bukoba ameshafika Tunduru kwa malori ya korosho.
Nkwabi amelizunguka Ziwa Rukwa kwa baiskeli,
akarudi na suruali ya mguu mmoja.
Bi Time, Mpemba, miaka sabini na mmoja,
anahesabu mikoa kama wenzake wanavyohesabu wajukuu:
"Nimebakiza Katavi na Lindi."
Na Mwashiuya, kijana wa Tunduma,
ukimuuliza kwenu wapi, anakuonyesha begi.

Treni ilipopiga honi, nikaropoka:
mwakani njooni Kigoma, tule kikoa.
Mdomo huponza kichwa.
Wangu umeponza na bajeti.

Sasa niko na daftari la duka, ukurasa wa madeni,
nimeligeuza upande wa pili.
Jumamosi, ufukweni Katonga.
Pipa ameshanikatia fundi Gwimo,
nusu la kuchomea, nusu la kunawia.
Nimewaandikia: kila mtu aje na chake.

Kokushubira: senene, makopo mawili. Na soda.
Bi Time: pweza mkavu, ndimu, mkeka wake mwenyewe.
Kalunde wa Sikonge: viazi vitamu, "na soda kidogo".
Nkwabi: soda.
Mwashiuya: soda, kama nafasi ipo.

Nikajumlisha. Kreti nne za soda,
nyama hakuna aliyeiandika.
Nikakumbuka vikoa vya bibi yangu kule Ujiji:
hakuna aliyeuliza nani analeta nini,
uliitazama sufuria, ukajua
kinachokosekana ni wewe.

Nkwabi, nikamwandikia, wewe Msukuma,
ng'ombe wa kwenu wamekwisha?
Kimya. Kisha: "Haya, mbuzi. Nitamchukua Tabora,
amechinjwa, yuko ndani ya barafu."
Chumvi nikaagiza Uvinza.
Mawese yangu, pilipili yangu,
migebuka nitaifuata Kibirizi kabla kunguru hawajaamka.

Usiku ndipo nilipoogopa.
Watasimulia Tunduru, watasimulia Rukwa,
kila mtu atapakua safari yake kama kitoweo,
na mimi nitapakua nini? Nzega? Matanga?
Mimi ninayeliona ziwa kila siku na ng'ambo sijaikanyaga;
ile milima ya Kongo, wanayoipiga picha wageni,
naitazama nijue kama nianike nguo.

Jumamosi, saa nane mchana, makaa yameshika,
migebuka imepasuliwa mgongo, inang'aa mawese,
mikeka mitatu, mtu mmoja:
Bi Time, aliyefika jana kwa basi
na ameshazoeana na majirani zangu wawili
ambao mimi hatusalimiani.

Simu ikaita. Nkwabi. Nyuma yake upepo na watoto.
"Dada Sikujua, tuko Kaliua. Kichwa kimegoma tena.
Wote tupo. Barafu inayeyuka.
Huyu mbuzi tumfanyeje?"

Nilimtazama Bi Time. Bi Time akatazama pipa.
"Waambie," akasema, huku anakamua ndimu,
"wawashe huko huko."

Wakawasha. Nasikia nusu ya stesheni ilikula,
mkuu wa stesheni akatoa ugali wa nyumbani kwake.
Mbuzi hakuwa na chumvi; chumvi yote ilikuwa kwangu,
na soda zote zilikuwa kwao.
Sisi huku tukanywa maji, tukawaita wale majirani,
mmoja akaja na sahani, mwenzie akaja na maneno,
na Bi Time akaniuliza Nzega kukoje,
nikajikuta nasimulia mpaka moshi ukageuka upande.

Saa nne usiku Mwashiuya akapiga, mdomo umejaa:
"Moto wenu bado unawaka?"
Unawaka, nikasema.
"Basi usiuzime. Wanasema fundi amefika."